Mizani haikuona misuli: uchambuzi wa kisa cha mgonjwa aliyeondolewa mfuko wote wa tumbo

Usuli

Mgonjwa ni mwanamume wa miaka ya 60 mwanzoni. Saratani ilikuwa kwenye mfuko wa tumbo, kuanzia juu hadi katikati, kiasi kwamba upasuaji uliomfaa ni kuuondoa mfuko wote pamoja na tezi za limfu zinazouzunguka. Ugonjwa haukuwa umesambaa kwenye viungo vya mbali. Mpango ulikuwa mizunguko 4 ya kemotherapia, mmoja kila baada ya wiki 2, kisha upasuaji, kisha mizunguko mingine 4. Maelezo yanayoweza kumtambulisha yameondolewa.

Kabla ya kuugua alikuwa na kilo 92 kwa urefu wa mita 1.75, yaani BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) ya 30. Alikuwa mnene wa wastani, mwenye kitambi, na kazi yake ni ya kukaa. Alipomaliza kemotherapia alikuwa na kilo 80, BMI 26. Ukiitazama namba hiyo peke yake, mtu huyu bado ana mwili, tena zaidi ya unaotakiwa. Ndivyo fomu ya uchunguzi wa awali wa lishe ilivyomsoma: hatari ndogo, apimwe tena akilazwa. Alipoulizwa kama amepungua, alijibu, "Nimepungua, lakini si nilikuwa nimeambiwa nipungue?" Nyumbani walikuwa wakimpongeza.

Kilo 12 kutoka 92 ni asilimia 13, na zilitoka ndani ya miezi isiyofika 5. Kwa vigezo vya GLIM, vilivyokubaliwa na jumuiya za wataalamu wa lishe duniani na kuchapishwa mwaka 2019, aliyepungua zaidi ya asilimia 10 ndani ya miezi 6, huku anakula pungufu au ana ugonjwa unaoleta inflamesheni (mwako wa ndani mwili unapopambana na ugonjwa), ana utapiamlo mkali. Vigezo havisemi ni lazima aonekane amekonda.

Kilichofanya atazamwe upya

Aliyemgundua ni muuguzi wa kliniki ya maandalizi ya upasuaji. Alipomwita aingie, alimwona anajisukuma kwa mikono yote miwili kwenye mikono ya kiti, anasimama, anatulia kidogo, ndipo anaanza kutembea. Akaandika sentensi moja kwenye faili: "Hainuki bila kujisukuma." Kisha akapiga simu kitengo chetu cha lishe.

Tulipomwona alikuwa amemaliza kemotherapia wiki moja nyuma. Nguvu ya kubana mkono ilikuwa kilo 24. Makubaliano ya wataalamu wa Ulaya yanachukua chini ya kilo 27 kwa mwanamume kuwa udhaifu. Kuinuka kitini mara 5 bila kutumia mikono kulimchukua sekunde 19, na zaidi ya 15 ni dalili mbaya.

Kisha tukarudi kwenye picha za CT, zile za mionzi zinazoonyesha mwili kipande kwa kipande, ambazo tayari alikuwa nazo, moja ya kabla ya kemotherapia na moja ya baada. Hapo hakuna mionzi ya ziada wala kipimo kipya: unachukua kipande kimoja cha picha kwenye pingili ya 3 ya kiuno na kupima eneo la misuli yote inayoonekana. Picha ya kwanza ilionyesha sentimita za mraba 158. Ya pili 141. Amepoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya misuli katika muda wa tiba, na katika picha hiyo hiyo mafuta ya tumboni yalikuwa bado manene, yamezunguka utumbo pande zote. Misuli ya mgongo iliyobaki ilikuwa na michirizi myeusi ya mafuta ndani yake. Uzito uliomwokoa kwenye fomu ulikuwa wa mafuta.

Tulipomhoji chakula cha siku 3 zilizopita, tulipata wastani wa kalori 1,100 na protini gramu 40 kwa siku. Sababu zilikuwa nyingi na zote za kawaida: kushiba haraka, ladha ya chuma mdomoni, kichefuchefu kisichoisha kati ya mzunguko na mzunguko. Nyingine hakuitaja mpaka tulipomuuliza wazi wazi. Alikuwa hajapata choo kwa siku 5, kwa sababu dawa ya kichefuchefu aliyopewa, ondansetroni, hufunga choo. Hakuna mtu wa kula vizuri juu ya tumbo lililofunga.

Uamuzi wa kusogeza upasuaji

Upasuaji ulikuwa umepangwa wiki ya 4 baada ya kemotherapia. Kikao cha timu kilikuwa na mvutano, na mvutano ulikuwa wa haki. Daktari mpasuaji aliogopa kuiachia saratani muda. Daktari wa usingizi aliogopa nimonia kwa mtu asiye na nguvu ya kukohoa wala ya kuamka kitandani. Mwongozo wa ESPEN, jumuiya ya Ulaya ya lishe tiba, unasema mgonjwa mwenye hatari kubwa ya lishe apewe tiba ya lishe siku 7 hadi 14 kabla ya upasuaji mkubwa, hata kama upasuaji wenyewe ni wa saratani na itabidi usogezwe. Kilichomaliza ubishi kilikuwa kalenda. Baada ya kemotherapia ya aina hii wapasuaji wengi hulenga wiki ya 4 hadi ya 6. Kuhamia mwisho wa wiki ya 6 hakukuvunja kitu, na kulitupa wiki 5.

Wazo kwamba mgonjwa aliyepoteza uzito hufa zaidi kwenye meza ya upasuaji na baada yake si jipya. Mwaka 1936 daktari Mmarekani, Hiram Studley, aliwachambua wagonjwa wake wa vidonda vya tumbo: waliopoteza zaidi ya asilimia 20 ya uzito walikufa theluthi moja baada ya upasuaji, na waliopoteza chini ya hapo walikufa asilimia 3.5. Inashangaza kidogo kwamba miaka hii yote baadaye bado tunagombea wiki 2.

Hatukuweka lengo la kilo. Mgonjwa akiambiwa "unenepe kwanza" atakunywa vitu vitamu, ataongeza maji na mafuta, na mizani itafurahi. Lengo likawa la nguvu: ainuke mara 5 ndani ya sekunde 15, abane mkono kilo 27. Kwa chakula, tulilenga kalori 2,200 na protini gramu 110 hadi 120 kwa siku, kwa hesabu ya kalori 25 hadi 30 na protini hadi gramu 1.5 kwa kila kilo.

Mambo yalifuatana kwa mpangilio huu, na mpangilio una maana. Kwanza choo. Pili kichefuchefu, kwa kubadilisha dawa na saa za kuimeza. Ndipo chakula: milo midogo 6, kila mmoja na protini yake badala ya kuirundika yote usiku. Misuli ya mtu wa umri huu huitikia protini kwa shida. Gramu 8 hapa na 5 pale hazitoshi kuiamsha, kwa hiyo tulihakikisha milo mitatu kati ya hiyo inafika gramu 25 hadi 30. Chupa 2 ndogo za kinywaji cha lishe chenye protini nyingi ziliwekwa katikati ya milo, anywe kidogo kidogo kama dawa.

Na mazoezi. Mtaalamu wa fiziotherapia alimpa kuinuka kitini seti 3 za mara 8, kuvuta mpira wa mazoezi kwa mikono, na kutembea mpaka apumue kwa kasi lakini aweze kuongea. Siku 3 kwa wiki chini ya usimamizi, zingine nyumbani. Chupa moja ya kinywaji ilinywewa mara baada ya mazoezi.

Kulikuwa na suala la mpira wa kulishia kupitia puani. Hakuutaka, na alisema hivyo bila kuzunguka. Tulikubaliana naye kizingiti kabla ya kuanza: akikaa wiki nzima chini ya asilimia 60 ya lengo, tunaweka mpira. Wiki ya kwanza alifika asilimia 58. Tulikaa naye, tukaona ilikuwa inapanda siku za mwisho, tukampa siku 4 zaidi. Wiki ya tatu alikuwa zaidi ya asilimia 85 na suala la mpira likafa lenyewe.

Siku ya kulazwa alikuwa na kilo 81. "Wiki 5 kwa kilo moja?" aliuliza daktari mpasuaji, na swali lake halikuwa la dhihaka. Jibu lilikuwa kwenye kiti: sekunde 14. Mkono: kilo 27.

Upasuaji na wodi

Hakufungishwa chakula tangu usiku wa manane. Aliruhusiwa vinywaji visivyo na masalia mpaka saa 2 kabla ya usingizi, kwa kuwa uvimbe haukuwa umeziba njia ya kutokea tumboni. Upasuaji ulienda vizuri. Kabla ya kufunga, mpasuaji aliweka mpira mwembamba wa kulishia moja kwa moja kwenye utumbo mwembamba, chini ya maungio mapya ya umio na utumbo. Uamuzi huo ulichukuliwa kwenye kikao, si mezani. Si kila aliyeondolewa tumbo anauhitaji, maana mpira huo nao huleta matatizo yake. Kwa huyu, aliyeingia na akiba ndogo ya misuli, tulitaka njia ya chakula isiyotegemea maungio.

Chakula cha kwenye mpira kilianza ndani ya saa 24, ml 20 kwa saa. Siku ya 2 fosfeti ya damu ilishuka hadi milimoli 0.55 kwa lita, chini ya kawaida. Hiyo ni dalili ya mwili uliokuwa na njaa ukianza kupokea wanga: fosfeti, potasiamu na magnesiamu hukimbilia ndani ya seli, na moyo unaweza kuyumba. Tulirudisha fosfeti kwa mshipa, thiamini (vitamini B1) tayari alikuwa amepewa, na kasi ya chakula haikupandishwa kwa siku moja. Siku ya 3 usiku tumbo lilijaa, na daktari wa zamu akasimamisha chakula kwa saa 14 bila kumjulisha mtu wa lishe. Kusimamisha ilikuwa sahihi. Saa 14 zilikuwa nyingi. Siku ya 5 alifika lengo la ml 1,500 kwa siku, za chakula chenye kalori 1.5 kwa ml na protini gramu 75 kwa lita.

Siku ya 4 mizani ya wodi ilisoma kilo 86. Kuna mtu aliandika "uzito unaongezeka". Zilikuwa kilo 5 za maji ya dripu, ukibonyeza kifundo cha mguu kidole kinaacha shimo.

Siku ya 6 alipata homa, mapigo yakapanda, na CT ikaonyesha maungio yanavuja kidogo. Haikuhitajika kufungua tena. Waliweka mrija wa kutoa usaha na antibiotiki, na marufuku ya kula kwa mdomo. Hapo mpira wa utumboni ulilipa gharama yake yote. Bila huo angebaki kulishwa kwa mshipa huku ana maambukizi.

Lakini siku ya 7 nilikaa na chati ya pampu na kujumlisha. Kilichoandikwa ni ml 1,500. Kilichoingia ni 870. Pampu ilizimwa kwa muda wa saa 4 kwa ajili ya CT, kwa sababu fomu ya maandalizi ilisema "asile", na hakuna aliyefikiria kwamba chakula kinaingia chini kabisa ya eneo linalopigwa picha. Mfuko uliisha usiku ukabadilishwa saa 3 baadaye. Kuwekwa mrija kulichukua saa nyingine karibu 3. Mahesabu ni mepesi: ml 63 kwa saa mara saa 10. Badala ya protini gramu 112 alipata 65, siku ambayo mwili wake ulikuwa unaitafuna misuli kwa kasi kuliko siku yoyote. Siku ya 8 ilikuwa hivyo hivyo. Kwenye faili la madaktari siku zote mbili zinasomeka "analishwa kwa lengo".

Tulibadilisha agizo. Badala ya ml 63 kwa saa tuliandika ml 1,500 kwa saa 24, na muuguzi akaruhusiwa kupandisha hadi ml 85 kwa saa ili kufidia, tumbo likiwa limetulia. Siku ya 9 alipata 1,440.

Katika siku hizo za uvujaji mazoezi yalisimama kabisa. Siku 9 alikuwa kitandani, akiketi kidogo tu jioni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwalaza kitandani wazee wenye afya njema kwa siku 10, wanakula kawaida, na wakapoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Mgonjwa wetu hakuwa na afya njema. Nguvu ya mkono siku ya 16 ilikuwa kilo 19.

Aliruhusiwa siku ya 22, anakula laini kidogo kidogo, na mpira unaendelea usiku.

Baada ya kurudi nyumbani

Wiki 2 baadaye, maji yalipokwisha mwilini, uzito halisi ulionekana: kilo 73. Alilishwa usiku kwa mpira kwa wiki 6, kisha ukatolewa. Kutoka hapo mpango unakatika. Kliniki ya upasuaji iliangalia kidonda, kliniki ya saratani iliangalia damu, na hakuna karatasi iliyosema nani anaangalia chakula. Alirudi kwetu baada ya wiki 5, na kilo 70, akieleza jasho na moyo kwenda mbio nusu saa baada ya kula. Chakula kitamu kilikuwa kinateremka utumboni kwa mkupuo, kwa kuwa mfuko wa kukipunguza kasi haupo. Alipotenganisha vinywaji na chakula na kupunguza sukari, dalili zilipungua ndani ya siku chache. Sindano ya vitamini B12 ilianzishwa, na itaendelea maisha yake yote.

Kemotherapia ya pili ilianza kwa kuchelewa, na alimaliza mizunguko 2 kati ya 4, kwa dozi iliyopunguzwa. Miezi 6 baada ya upasuaji alikuwa na kilo 70, mkono kilo 26, kiti sekunde 14. Picha hazikuonyesha ugonjwa kurudi. Anapanda ngazi bila kushika ukuta, na ameacha kazi.

Uchambuzi

BMI ilikosea mara mbili kwa sababu mbili tofauti: kabla ya upasuaji ilificha misuli nyuma ya mafuta, baada ya upasuaji mizani ikaificha nyuma ya maji. Kiti hakikukosea hata mara moja. Kipimo cha kuinuka hakihitaji chochote zaidi ya kiti na saa, na kama kingefanywa siku ya kwanza ya kemotherapia tungekuwa na angalau wiki 12 za kufanya kazi badala ya 5. Hilo ndilo pengo kubwa kuliko yote katika kisa hiki. Misuli ilipotelea kwenye kemotherapia, na huko hakuna aliyekuwa akiitazama.

Kuhusu CT, ningeshauri tahadhari na vizingiti vinavyotajwa. Ukigawa eneo la misuli kwa urefu wa mgonjwa uliozidishwa kwa wenyewe, huyu alitoka 51.6 hadi 46. Kizingiti maarufu cha 52.4 kwa wanaume kilitoka kwa wagonjwa wa Kanada wenye unene mkubwa, mwaka 2008. Kwa kizingiti hicho alikuwa na upungufu hata kabla ya dawa, wakati bado anabeba mizigo. Mwaka 2013 kilipendekezwa kingine: 43 kwa wanaume wenye BMI chini ya 25, na 53 kwa walio juu ya hapo. Kwa kizingiti hicho angehesabiwa mzima kama angekuwa mwembamba. Kilichotusaidia ni kumlinganisha na yeye mwenyewe miezi miwili nyuma.

Kusogeza upasuaji kulifaa, ingawa siwezi kudai kulizuia kifo. Maungio yalivuja licha ya maandalizi yote. Maungio huvuja pia kwa mtu aliyelishwa vizuri. Ninachokiona ni kwamba alivuja akiwa na nguvu ya kukohoa, hakupata nimonia, na alitoka wodini kwa miguu yake. Kizingiti cha mpira kilichokubaliwa mapema nacho kilisaidia kwa namna isiyotarajiwa: mgonjwa alikula akijua anachokikwepa.

Albumini, protini ya damu inayotengenezwa na ini, ilileta mabishano yasiyo na faida. Ilishuka hadi gramu 24 kwa lita wakati wa uvujaji, na mara mbili iliandikwa kuwa "lishe haifanyi kazi". Siku hizo CRP, kipimo cha damu cha inflamesheni, ilikuwa juu sana. Ini likiwa linapambana na maambukizi hupunguza kutengeneza albumini, na iliyopo huvuja nje ya mishipa. Usaha ulipotoka ilianza kupanda bila sisi kubadilisha chakula. Inatabiri hatari, hiyo ni kweli, lakini haipimi alichokula mgonjwa jana. Kwa hilo kuna chati ya pampu.

Fiziotherapia wakati wa uvujaji ingeweza kuendelea kitandani, kwa mpira wa mazoezi na kuketi kwenye kiti mara kadhaa kwa siku. Mrija wa usaha hauzuii. Ilisimama kwa sababu agizo la "apumzike" halikuwa na tarehe ya mwisho. Protini bila misuli kufanya kazi huingia na sehemu kubwa yake hutoka kama urea, taka ya kwenye mkojo.

Na lile pengo la wiki 5 baada ya mpira kutolewa. Kitengo sasa hakitoi mpira wa kulishia kwa mgonjwa asiye na miadi ya lishe ndani ya siku 7, na jina la mtu mmoja anayewajibika huandikwa kwenye barua ya kuruhusiwa. Kuinuka kitini kunapimwa kila mzunguko wa kemotherapia, na muuguzi ndiye anayepima. Usomaji wa misuli kwenye CT bado unafanyika pale tu mtu wa picha anapopata nafasi, ambayo ni takriban nusu ya wagonjwa.